Moto Una Saa Zake

Kaeni vizuri, wajukuu zangu, na wewe wa nyuma punguza hiyo redio. Leo hakuna sungura wala fisi. Leo nawasimulia mlima, na jinsi watu wanaoishi chini yake wanavyokaa kitako kutunga sheria ya moto.

Mlima wenyewe ni Kilimanjaro, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Wageni huja kutazama barafu ya Kibo. Sisi wa migombani tunatazama chini ya barafu, mahali ambapo siku nyingi hapaonekani kwa mawingu. Ukipanda kutoka vihambani, yaani kwenye mashamba yetu ya migomba, unaingia msitu wa mvua, wenye giza mchana kweupe. Endelea kupanda, miti inazidi kuwa mifupi, hadi kwenye mita 3,000 hivi unakutana na miti ya jamii ya erika. Majani yake ni madogo na membamba, na matawi yamevaa ndevu za kijivu zinazoning'inia. Haizai tunda la kukushawishi uikwee. Kazi yake ni nyingine kabisa.

Ukungu ukipita pale, majani yale huuchana kama chanuo. Matone yananasa, yanaungana, yanadondoka. Siku ambayo mvua haikunyesha hata tone, udongo wa chini ya erika unaweza kuwa umelowa. Maji hayo huzama ardhini, yakaibukia kwenye chemchemi, yakaingia mitoni, na babu zetu wakayachepusha kwa mifongo, yaani mifereji yao ya kuchimba, hadi kwenye migomba yao. Yanayobaki huteremka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, yakazungusha mitambo ya umeme, kisha yakafuata mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Kwa hiyo mtu wa Pangani mjini, ambaye huenda hajawahi kuuona mlima, ana fungu lake katika ule ukungu.

Andreas Hemp, mtafiti wa mimea kutoka Ujerumani ambaye ameufanyia kazi mlima huu kwa miaka mingi, aliandika jambo mwaka 2005 ambalo wengi hawajalisikia hadi leo. Alionyesha kwamba moto katika misitu ya juu umeunyima mlima maji mengi kuliko kuyeyuka kwa barafu. Tangu mwaka 1976, maeneo makubwa ya erika yalikuwa yameteketea, na mpaka wa juu wa msitu ulikuwa umeshuka. Pale palipoungua mara kwa mara, miti mirefu iligeuka vichaka vya kufika kiunoni, na kichaka hakinasi ukungu kama mti. Lakini magazeti hupenda habari za barafu, kwa sababu barafu inapigika picha. Ukungu utaupiga picha gani?

Sasa niwaambie ya mwaka 2020. Jumapili moja, tarehe 11 Oktoba, moto ulizuka eneo la Whona, mahali ambapo wapandaji hupumzika kati ya Mandara na Horombo kwenye njia ya Marangu. Kiangazi kilikuwa kimekaza, upepo unavuma. Usiku, watu wa Moshi mjini waliuona mstari mwekundu juu ya mlima. Zaidi ya watu 500 walipanda kuupiga: askari wa hifadhi, wanavijiji, wanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori Mweka. Msidhani walikuwa na mabomba ya maji na magari ya zimamoto. Gari litapita wapi kule? Walikuwa na mapanga, majembe na matawi mabichi ya kupigia miali. Na kule juu hewa ni nyembamba, mtu akipiga mara kumi anahema. Kazi ilichukua zaidi ya wiki. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, moto mwingine ukawaka karibu na kambi ya Karanga.

Mbona ni mgumu hivyo kuuzima? Kwanza, erika ina mafuta, hushika moto ingali mbichi. Pili, moto hupenda kupanda: joto la mwali huenda juu, likayakausha majani ya mbele kabla mwali wenyewe haujafika. Tatu, na hili ndilo huwachosha watu, moto huingia kwenye mizizi na kwenye udongo wa majani yaliyooza, ukajificha humo. Mnaondoka mkishukuru Mungu, kesho yake upepo unapita, moshi tena.

Nani huuwasha? Radi mara chache. Wengi ni watu kama sisi. Kuna anayesafisha shamba kabla ya vuli. Kuna mrina asali aliyeangusha kienge chake cha moto. Kuna jangili anayebanika nyama, mchoma mkaa anayejificha, mpita njia aliyetupa kipande cha sigara. Hakuna hata mmoja aliyeamka asubuhi akasema, leo nauchoma mlima.

Ndiyo maana mimi sipendi yale mabango ya MOTO MARUFUKU. Mtu anayeishi kwa moto ukimwambia moto ni marufuku, haachi kuuwasha. Anauwasha kwa siri. Na moto wa siri una ubaya wake: ukimponyoka, mwenyewe anakimbia. Hapigi yowe, hamwiti jirani, kwa sababu akiita anajishtaki. Saa ile ya kwanza, ambayo watu watano wenye matawi wangeuzima, inapotea hivi hivi. Sheria nzuri ya moto lazima imwache mtu awashe mchana kweupe, majirani wakijua.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu nzima inayohusu moto, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1973, zipo kanuni zake kali. Lakini chini ya hizo, Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inakipa kijiji uwezo wa kujitungia sheria ndogo. Njia ni hii: halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi aliyetimiza miaka 18, unaijadili, kisha inapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Kwa maneno ni rahisi. Twendeni tukaone mkutano wenyewe. Kijiji hiki nimekibuni, msikitafute kwenye ramani, ila watu wa namna hii mnawajua.

Mkutano uko chini ya mti, mbele ya ofisi ya mtendaji. La mgambo limelia tangu asubuhi. Mwenyekiti anasoma rasimu: asiyekuwa na kibali haruhusiwi kuchoma shamba, anayetaka kuchoma aombe siku tatu kabla, awaarifu majirani wote anaopakana nao, azungushie shamba barabara ya moto, yaani afyeke na kuparua mpaka udongo uonekane pande zote, achome kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na ifikapo saa tatu moto uwe umezimwa kabisa.

"Kwa nini saa tatu?" anauliza mama mmoja. "Asubuhi majani yana umande, hayaungui. Mimi ningechoma saa saba, kazi ikaisha upesi."

Bibi afisa misitu anasimama. "Mama, mchana upepo wa hapa unaelekea wapi?"

"Juu," mama anajibu bila kufikiri. Kila anayepika nje anajua. Jua likipanda, hewa ya bondeni hupata joto ikafuata mteremko kwenda mlimani. Moto wa saa saba unasukumwa kuelekea msituni. Ule umande anaoulalamikia mama ndio unaoufanya moto uende polepole, mtu akaweza kuufuata kwa miguu. Mama anakaa. Hajafurahi, lakini ameelewa.

Kisha ananyoosha mkono mzee wa asali. Watu wanaanza kutabasamu.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi nyuki wangu hawarinwi saa kumi na mbili asubuhi. Nyuki wa mchana ni mkali. Asali inarinwa jioni, giza likianza. Sheria yenu imeninyima kazi."

"Babu, mizinga yako iko wapi?" mtu anauliza kwa uchokozi.

"Kihambani kwangu!" mzee anajibu kwa sauti kubwa kidogo kuliko inavyohitajika, na wanaume kama watatu wanatazama chini. Wote wanajua kwamba wako wanaovuka mpaka wa hifadhi usiku na kienge cha majani makavu, na kwamba huko si sheria ndogo tena, ni kosa kubwa.

Hapo ndipo mkutano unapata kazi ya kweli. Usiku upepo hugeuka: hewa ya juu ikipoa huwa nzito, ikateremka. Kwa msitu, hiyo ni nafuu. Kwa nyumba na zizi la ng'ombe, ni hatari. Watu wanabishana kwa muda mrefu, wengine wanasema mzee aache asali, jambo ambalo ni upuuzi, kwa sababu asali ndiyo inayomlipia mjukuu wake ada. Mwisho wanaandika kifungu chao wenyewe, ambacho hakikuwamo kwenye rasimu: mrina asali ajiandikishe kwa balozi, asitumie kienge, atumie bomba la moshi, ambalo moto wake umefungiwa ndani ya kopo, asiende peke yake, abebe dumu la maji. Na kama hana bomba, kijiji kinunue mawili yakae ofisini, ya kuazimwa.

Kifungu hicho kina thamani kuliko vingine vyote, kwa maoni yangu. Vingine afisa angeweza kuviandika akiwa mjini. Hicho kisingeandikika bila yule mzee.

Linafuata suala la kupiga yowe. Wanakubaliana kwamba anayeona moshi usioeleweka amwambie balozi, balozi amwambie mwenyekiti wa kitongoji, na wakati huohuo la mgambo lilie. Kila kaya itoe mtu mmoja mwenye nguvu. Kisha kijana mmoja, dereva wa bodaboda, anauliza swali la maana: aliyeuanzisha moto kwa bahati mbaya akaja mwenyewe kuita watu, naye anatozwa faini? Kimya. Baadaye wanaafikiana kwamba anayeita mapema apunguziwe adhabu. Nyinyi watoto hamna kura, lakini mnaweza kuona moshi. Kazi yenu ni hiyo tu: kuona, kukimbilia kwa mtu mzima, kusema umeona upande gani. Msiende kuuzima. Na moto ukiwa chini yenu mteremkoni msikimbilie juu, maana huko ndiko na wenyewe unakokwenda, na una mbio kuwashinda. Ukwepeni kwa pembeni.

Faini ndiyo inayowachelewesha kula. Wenye duka wanataka pesa. Wazee wanakumbusha mila ya mfongo: asiyefika kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kusafisha mfongo alilipishwa, na aliyekosea aliweza kuja kuomba radhi na jani la isale mkononi. Kwa nini mwenye kosa la moto asipewe siku za kufyeka barabara ya moto mpakani mwa hifadhi? Tajiri atalipa pesa akacheka, wanasema, lakini kushika fyekeo mbele za watu hatacheka. Hoja hiyo imenikaa. Lakini nayo ina tundu: mjane mwenye watoto wadogo akipewa siku kumi za kufyeka, shamba lake nani alime?

Kuna jambo moja mkutano hauwezi kulifikia. Sheria ndogo ya kijiji inaishia kwenye mpaka wa kijiji. Tangu mwaka 2005 msitu wote uliokuwa hifadhi ya misitu umeunganishwa na Hifadhi ya Taifa, na ule moto wa Whona ulizuka ndani, kwenye njia ya watalii. Kule wapagazi hupikia majiko ya gesi, kukoka moto wa kuni hakuruhusiwi. Lakini hao wapagazi ni akina nani? Wengi ni vijana wa vijiji hivi hivi, waliobeba mizigo ya wageni wiki hii, na wiki ijayo watakuwa wanachoma mabua ya mahindi ya mama zao. Kijana aliyezoea nyumbani kutotoka kwenye majivu hadi ameyamwagia maji na kuyagusa kwa mkono, hahitaji askari wa kumsimamia kule juu. Kwa sababu hiyo mtendaji anaandika mwishoni mwa muhtasari: wapagazi wote wa kijiji wasomewe sheria hii kabla ya msimu wa kiangazi, ambao ndio pia msimu wa wageni wengi.

Muhtasari unasainiwa, rasimu inapelekwa wilayani. Huko mwanasheria wa halmashauri anaisoma kifungu kwa kifungu, maana faini ya kijiji haiwezi kupita kiwango kilichowekwa na sheria za nchi, na sheria ndogo haiwezi kupingana na sheria kubwa. Cha asali hana neno nacho. Cha faini anakirudisha: kijiji hakijaandika nani ataamua kwamba mtu afyeke siku ngapi, wala mwenye udhuru afanyweje. Basi la mgambo litalia tena, na yule mama wa saa saba ameshasema safari hii atakaa mbele.