Malale: Jembe na Shoka Vilifanya Kazi Kabla ya Sindano

Katikati ya mwaka 1906 alishuka melini Mwanza daktari wa Kijerumani, Robert Koch, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu. Alifuata ugonjwa wa malale. Mwanza, upande wa Wajerumani, hakukuta wagonjwa wa kutosha, kwani janga lilikuwa limeelemea upande wa Waingereza: Busoga, Buganda na visiwa vya Ziwa Victoria, ambako watu zaidi ya 200,000 walikwisha kufa tangu mwanzo wa karne. Basi akahamia visiwa vya Ssese, akapiga kambi Bugala.

Uchunguzi wa siku zile ulianzia shingoni. Daktari alipapasa tezi zilizovimba, akachoma sindano, akavuta tone la majimaji na kuliweka chini ya hadubini. Kama ugonjwa upo, vijidudu vya tripanosoma vilionekana vikijinyonganyonga. Dawa aliyokuja nayo Koch ilikuwa atoksili, yenye aseniki ndani yake. Alichoma nusu gramu siku mbili mfululizo, kisha akarudia baada ya siku kama kumi. Wagonjwa walipata nafuu ya haraka, lakini vijidudu vikarudi kwenye damu. Koch akapandisha dozi hadi gramu nzima, na wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka moja kwa moja. Habari zao zimebaki kama hesabu tu katika taarifa za kitabibu. Walikuwa wenzetu wa ziwa hili waliokwenda kutafuta tiba, na kila anayemsifu Koch hana budi kuwataja na wao.

Kazi ya ziwani ilizaa elimu pia. Mwaka 1909 Friedrich Karl Kleine, msaidizi wa Koch aliyebaki upande wa Wajerumani, alionyesha kwamba mbung'o, inzi anayeeneza malale, habebi vijidudu mdomoni tu na kuvipaka kwa mtu mwingine. Vijidudu hukua ndani ya mwili wake kwa karibu wiki tatu ndipo aweze kuambukiza, na baada ya hapo hubaki navyo maisha yake yote. Waingereza, kwa upande wao, chini ya Gavana Hesketh Bell, waliwaondoa watu pwani ya ziwa na visiwani. Ssese ikahamwa kufikia 1909. Vifo vilipungua, lakini watu walipoteza makaburi, migomba na mitumbwi yao kwa miaka kadhaa.

Ila kwa nini janga lilifumuka wakati ule? Mtaalamu wa mbung'o John Ford, katika kitabu chake cha mwaka 1971, alitoa jibu ambalo mimi naliona lina uzito kuliko mengine, hasa kwa nchi kavu ya Usukuma na majirani zake. Mbung'o anataka kichaka na wanyama wa kunyonya. Wakulima na wafugaji walikuwa wakimzuia kwa kazi zao za kila siku: kulima, kukata kuni, kuchoma majani, kulisha ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikaja sotoka, ikafyeka ng'ombe, ikafuatwa na njaa, ndui na vita vya ukoloni. Wanyamapori nao walikufa kwa sotoka, lakini waliongezeka tena upesi kuliko watu. Pori likarudi mashambani, na mbung'o akarudi nalo.

Mwaka 1922 ugonjwa ulizuka Maswa. Huu ulikuwa wa aina ya mashariki, ambao huua kwa miezi, wakati ule wa Uganda ulichukua miaka. Serikali ya Kiingereza, iliyokuwa imechukua nafasi ya Wajerumani, ilikusanya watu kwenye makazi ya pamoja, na huko Shinyanga ofisa wake, C. F. M. Swynnerton, alisimamia ufyekaji wa pori. Waliofyeka ni Wasukuma, maelfu kwa maelfu, wakiitwa na watemi wao, shoka mkononi. Ramani na ripoti zilikuwa za ofisi, lakini ujuzi wa kuishi na pori bila kuzidiwa nalo ulikuwa wa wenye nchi tangu zamani.

Leo wagonjwa nchini Tanzania ni wachache, na tangu 2024 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vidonge vya feksinidazoli hata kwa malale ya mashariki. Hatari ni kuchelewa. Homa ya malale hufanana na malaria, na anayerudi kutoka porini, awe mrina asali, mchungaji au askari wa hifadhi, hupewa dawa ya malaria akaenda zake. Ukipata homa baada ya kuumwa na mbung'o, hasa kama pameota kidonda palipoumwa, mwambie daktari ulikokuwa na uombe damu ipimwe malale.