Si Uvivu, Ni Ugonjwa



Miaka kadhaa iliyopita ndugu mmoja anayekaa Gasenyi, hapa Bujumbura, alianza kuchelewa kazini. Huyo ndiye aliyekuwa akifika kabla mlinzi hajafungua lango. Kapita akampa barua ya onyo. Sisi wa chama tukamwita, tukamwambia ajikaze, ana watoto wanaomtegemea. Akaitikia ndiyo, ndiyo, mpaka tukamaliza. Tulikosa. Mtu yule alikuwa mgonjwa, nasi tulimwongezea onyo la pili kwa mdomo.

Kwa Kirundi wengi huuita ugonjwa huu akabonge. Ndugu zetu wa Tanzania husema sonona. Si kichaa, wala si huzuni ya kawaida. Aliyefiwa hulia, lakini hata kwenye matanga huweza kucheka kidogo na wenzake. Mwenye ugonjwa huu hukaa na huzuni, au hukosa hamu ya kila kitu, karibu kila siku, mchana kutwa, kwa wiki mbili au zaidi.

Yule ndugu hakutuambia kwamba ana huzuni. Alisema mgongo unamuuma, kichwa kizito, usingizi unakatika saa nane usiku na haurudi. Alipimwa malaria, haikuonekana. (Kupimwa ni vizuri, maana malaria, kifua kikuu na upungufu wa damu nao huchosha mwili.) Chakula kilimshinda. Mpira wa Jumapili aliuacha. Alihesabu maboksi mara tatu na bado akakosea. Alijiona hafai kitu, mzigo tu kwa mkewe. Wanaume wengine huonyesha hasira za ghafla, au huzidisha pombe, na pombe huwazamisha zaidi. Kwa akina mama, mwangalieni aliyejifungua karibuni, asiyemfurahia mtoto wake wala kupata usingizi hata mtoto akilala.

Kwa hiyo msimpime mtu kwa jirani yake wa mashine. Mpimeni kwa jinsi alivyokuwa yeye mwenyewe miezi michache iliyopita.

Sababu si moja. Wengine ni urithi wa ukoo, wengine madeni, wengine waliyoyaona katika vita vilivyoanza 1993, au katika mafuriko ya Februari 2014 yaliyoua watu zaidi ya 60 kaskazini ya mji wetu. Mwingine hana sababu ya kuonyesha na bado anaumwa. Anayetaka kuombewa aombewe, lakini na kwa daktari aende.

Sasa jambo la haraka. Mwenzenu akisema afadhali afe, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, mwulizeni wazi kama anafikiri kujiua. Swali hilo halimpi wazo jipya; humfungulia mlango wa kusema. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na mashambani, ufunguo wa ghala la dawa za wadudu usikae kwake.

Matibabu yapo. Anzeni na kituo cha afya kilicho karibu. Kamenge kuna hospitali ya magonjwa ya akili, iliyoanza 1981, ya mabruda wa Frères de la Charité. Wengi huogopa kuonekana langoni pale. Wasiogope. Wapo wanaopona kwa mazungumzo na mtu aliyesomea kazi hiyo, wengine huhitaji na vidonge. Vidonge huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na haviachwi bila daktari kusema, hata mtu akijisikia mzima.

Wajumbe, mkiletewa onyo la mtu aliyebadilika hivi, ombeni kwanza apimwe. Nendeni naye, mchukue karatasi ya daktari, na ugonjwa wake msiutaje kwenye foleni ya mshahara.

Ndugu wa Gasenyi alikubali kwenda siku shemeji yake alipoamua kufuatana naye kwa miguu. Leo yuko kazini. Barua ya onyo bado iko katika faili lake, na tunaendelea kudai iondolewe.