Kadi ya kukuingiza lounji: Piga hesabu kabla ya kujisajili

Ni saa tisa usiku katika uwanja wa Bole, Addis Ababa. Ndege yako ya pili inaondoka saa nne asubuhi. Simu imebaki asilimia sita, begi umeligeuza mto, na kila kiti kilicho karibu na soketi kina mtu. Mara unamwona jamaa mliyeketi naye safu moja kutoka Nairobi, kule nyuma kabisa, akionyesha kadi mlangoni na kupotelea ndani kwenye sofa, chai moto na bafu.

Huenda hata tiketi yake ilikuwa ya bei rahisi kuliko yako. Ila yeye amekuwa akikusanya maili zake mahali pamoja.

Wengi wetu hufanya kinyume. Tunajisajili na kila shirika tunaloabiri, maili kidogo hapa, kidogo pale, na baada ya miaka mitatu una akaunti tano ambazo hazikununulii hata soda.

Elewa kwanza kwamba maili ni za aina mbili. Kuna za kununulia tiketi, na kuna za kukupandisha daraja, ambazo kwa kawaida huzipati bila kupanda ndege. Mlango wa lounji hufunguliwa na daraja. Unaweza kuwa na maili laki moja za tiketi na bado ukabaki nje ukitafuna mandazi uliyobeba.

Kisha angalia muungano. KQ iko SkyTeam pamoja na Air France na KLM. Ethiopian na Turkish wako Star Alliance, Qatar Airways iko oneworld. Emirates inajitegemea. Huhitaji kadi ya kila shirika: ukiwa na ya mmoja ndani ya muungano, safari za wenzake nyingi huhesabiwa humo humo. Daraja unalolitafuta linaitwa Elite Plus kule SkyTeam, Gold kule Star Alliance, na Sapphire kule oneworld. Chini ya hapo utapewa vijizawadi vingine, lakini lounji za muungano, zii. Na Elite Plus hukuingiza ukiwa na safari ya kimataifa, kwa hivyo usiitegemee ukielekea Mombasa wikendi.

Sasa hesabu yenyewe, maana hapa ndipo watu hudanganyika. Chukua Flying Blue, mpango wa Air France na KLM ambao KQ pia iliutumia kabla ya kuanzisha wake, Asante Rewards. Daraja huhesabiwa kwa pointi za XP. Nairobi hadi Amsterdam katika viti vya kawaida ni XP 10 kwenda, 10 kurudi. Silver ni XP 100, halafu unahitaji 180 nyingine kufika Gold, ambayo ndiyo Elite Plus. Jumla 280. Hizo ni safari 14 za kwenda na kurudi, na kila hatua ina miezi 12 tu. Wewe unayeenda Ulaya mara moja kwa mwaka kumsalimia dada yako, sahau.

Ila kama unafuata mzigo Dubai kila mwezi, mambo ni tofauti. Skywards ya Emirates hutoa Silver kwa maili 25,000 za daraja, na Silver hiyo inakuingiza lounji Dubai, ingawa si kwingineko. Angalia tu aina ya tiketi: zile za bei ya chini kabisa huleta maili chache mno, na unaweza kusafiri mwaka mzima ukashangaa hesabu haisongi.

Kwa hivyo usianze na kadi inayong'aa. Fungua barua pepe, tafuta tiketi za miaka miwili iliyopita, uone ni muungano upi umekubeba zaidi. Huo ndio wako, hata kama rafiki yako anasifu mwingine.

Na ukiona unasafiri mara mbili tatu kwa mwaka, binafsi ningekuambia achana na daraja. Lounji nyingi huuza nafasi mlangoni, na kuna kadi za benki zinazokuja na Priority Pass au kitu kama hicho. Uliza benki yako ni mara ngapi za bure na ada ya mwaka ni ngapi. Kuongeza maelfu kwenye tiketi ili upate pointi za kwenda kunywa kahawa ni kujipiga mwenyewe.

Ukishachagua, weka nambari yako ya uanachama wakati wa kununua tiketi, jina likilingana na pasipoti herufi kwa herufi. Na ile pasi ya kuabiri usiitupe hadi maili zionekane kwenye akaunti. Zisipoonekana, ndiyo ushahidi utakaoombwa.