Joto katika Deki ya Nyumbani: Chanzo na Tiba Yake

Makala haya yanajadili tatizo ambalo wakazi wengi wa Mishomoroni, eneo la Kisauni mjini Mombasa, wamewahi kulishuhudia. Deki ya DVD hucheza santuri vyema kwa nusu saa, kisha picha zikaanza kukwama na sauti kukatika. Aghalabu lawama huiangukia santuri au lenzi, na fedha zikatumika bure. Yamkini mkosa ni joto.

Suala hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili. Katika miaka ya 2000, harusi, maulidi na hafla za kughani mashairi zilirekodiwa katika santuri za aina hii. Zipo familia ambazo sauti ya mzee wao aliyetangulia mbele ya haki imebaki humo pekee.

Joto hilo hutoka wapi? Umeme wa volti 240 unapoingia, hushushwa hadi volti chache, na sehemu yake hupotea kwa njia ya joto. Leza nayo, kadiri ipatavyo joto, ndivyo mwanga wake ufifiavyo. Deki huiongezea umeme ili isome, na umeme huo huzidisha joto. Joto hili halina budi kutokea kwenye matundu ya hewa. Hata hivyo, wakati wa kaskazi hewa yenyewe ni ya moto chini ya mapaa ya mabati. Unyevu na chumvi ya bahari hugandisha vumbi matunduni. Na juu ya deki hutandikwa kitambaa cha kufuma kwa ajili ya pambo. Kila sababu peke yake ni ndogo, lakini kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Tiba ianze na uchunguzi. Zima deki, chomoa plagi, uiache saa moja. Ikicheza vyema ikiwa baridi na kukwama tena ikipata moto, chanzo kimejulikana. Usiipoze kwa barafu wala jokofu, maana umande utatanda juu ya lenzi. Ondoa kitambaa, iteremshe deki kutoka juu ya amplifaya, uiachie nafasi ya kiganja kila upande. Plagi ikiwa imechomolewa, safisha matundu kwa brashi laini na kavu.

Tatizo likiendelea, mwite fundi aangalie kapasita, ambazo huvimba kwa joto. Usifungue deki mwenyewe: kapasita kubwa huweza kuhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa, na mwanga wa leza hudhuru macho.

Hatimaye, deki ikisharejea katika hali yake, nakili santuri zako kwenye tarakilishi. Santuri zilizorekodiwa nyumbani nazo huharibiwa na joto na mwanga, na sauti ikishafutika humo, hakuna fundi awezaye kuirudisha.