Nuru inayochoma unywele: je, yafaa ngozi yetu?

Ndugu zetu wakaao Ulaya, warudipo kututembelea, hawaji mikono mitupu. Zamani walileta saa na redio. Leo huleta simu, manukato, na vyombo vya urembo ambavyo majina yake hatujayazoea. Kati ya hivyo huenda mkakuta kimoja kinachofanana na mashini ya kunyolea, chenye kidirisha kidogo cha kioo mbele. Mwenye kukileta atamwambia mdogo wake: «Sasa tupa wembe wako. Hiki chaondoa nywele za kwapa na za miguu kwa nuru tu, wala haziti tena kuota.»

Maneno hayo yana ukweli ndani yake, tena yana hatari. Na kwa kuwa hatari hiyo yatuelekea sisi wenye ngozi nyeusi kuliko watu wengine, twaona yafaa tueleze jambo hili polepole, ili wazazi, na hasa wasichana wetu wa shule, wajue wanachokishika mkononi.

Nuru hiyo huitwa leza. Nuru ya jua au ya taa ni mchanganyiko wa rangi nyingi, nayo hutawanyika huku na huku. Nuru ya leza ni ya rangi moja, nayo huenda pamoja kama askari wanaopiga hatua moja. Mtaalamu Albert Einstein alikwisha kuonyesha mwaka 1917, kwa hesabu tu, kwamba nuru yaweza kuzaa nuru iliyo sawa nayo. Ilipasa kungoja miaka 43. Tarehe 16 Mei 1960, huko Malibu katika jimbo la California, Mmarekani Theodore Maiman alitwaa kipande cha yakuti nyekundu kilichotengenezwa na watu, akakizungushia taa ya kupigia picha iliyojipinda kama nyoka, akaiwasha ghafula. Yakuti ikatoa mwali mwekundu ambao mfano wake ulikuwa haujapata kuonekana.

Wakati ule hakuna aliyewaza habari za kwapa. Mwaka 1983 waganga wawili wa Boston, Rox Anderson na John Parrish, waliandika kanuni ambayo imeongoza kazi hii tangu hapo: ukichagua rangi ya nuru inayopendwa na kitu unachotaka kukichoma, na ukaipiga kwa kitambo kidogo mno, kitu kile kitaungua kabla joto halijawafikia jirani zake. Mwaka 1996 Anderson na wenzake walitangaza matokeo ya kujaribu leza ya yakuti juu ya watu 13 wenye nywele za kahawia au nyeusi: nywele zilichelewa kuota. Biashara ikaamka mara moja. Na mwaka 2008 idara ya Marekani inayokagua vyakula na madawa ikaruhusu leza ya kwanza ya kuondoa nywele nyumbani bila mganga kuwapo, iitwayo Tria.

Lakini angalieni: vyombo vingi viuzwavyo leo kwa jina la leza si leza. Ni taa kali inayopiga miale ya rangi nyingi pamoja, kwa kishindo kimoja, nayo hujulikana kwa herufi IPL. Kazi ni ile ile, kanuni ni ile ile, na hatari ni ile ile. Kwa hiyo maneno yafuatayo yavihusu vyote viwili.

*Makopo mawili juani*

Wanafunzi waweza kulijaribu jambo hili wenyewe. Watwae makopo mawili yaliyo sawa, moja walipake masizi ya sufuria, jingine waliache liking'aa. Wajaze maji, wayaweke juani saa sita mchana, na baada ya saa moja watie kidole. Maji ya kopo jeusi yatakuwa moto zaidi. Kitu cheusi hunywa nuru, na nuru ikiisha kunywewa hugeuka joto.

Basi, unywele ni kopo jeusi. Weusi wake watoka kwa rangi iitwayo melanini. Mwali wa leza hupita katika ngozi, huikuta melanini ya unywele, nayo huunywa mwali na kupata moto. Joto hilo hushuka mpaka kwenye mzizi na kuharibu chembe zinazouotesha. Ndiyo maana chombo hiki hakifai kitu kwa mvi, wala kwa nywele za manjano au nyekundu za Wazungu wengine: hakuna weusi wa kunywa nuru.

Sasa fikirini. Melanini haikai katika nywele peke yake. Ni hiyo hiyo inayoitia ngozi yetu weusi wake, na kutukinga na ukali wa jua. Juu ya ngozi nyeupe yenye nywele nyeusi, mwali hauna shaka wapi pa kwenda. Juu ya ngozi yetu, mwali huikuta melanini mlangoni kabisa, kabla haujaufikia mzizi. Ngozi yenyewe hunywa nuru. Ngozi yenyewe huungua.

Madhara yake twayajua: malengelenge; kisha madoa meusi au meupe ambayo yaweza kukaa miezi mingi, na mengine yasitoke kabisa; na kwa watu wenye mwili wa kuota makovu manene, kovu linaloinuka na kuwasha maisha yote. Msichana aliyetaka kwapa safi kwa siku ya arusi yake atabaki na alama ambazo wembe usingemwachia kamwe.

Watengenezaji wanalijua jambo hili. Mwaka 1975 mganga Thomas Fitzpatrick wa Marekani alianza kuzipanga ngozi za watu kwa jinsi zinavyolipokea jua, na orodha hiyo leo ina madaraja 6: la kwanza ni ngozi nyeupe sana, la sita ni ngozi nyeusi sana. Leza ya nyumbani imetengenezwa kwa madaraja manne ya kwanza. Hata taa za IPL, nyingi zinakatazwa kwa ngozi nyeusi sana. Katika sanduku la chombo mna karatasi yenye picha ya rangi za ngozi kwa safu, na juu ya zile za mwisho pamewekwa alama ya msalaba. Wengi wetu tumo katika zile za mwisho.

Twasema bila kuficha: muuzaji anayekiuza chombo hiki kwa mtu mweusi huku ameitupa karatasi ile anatenda udhalimu. Na ndugu anayekinunua Bruxelles kwa fedha za jasho lake, akakileta kwa moyo mwema, yampasa aisome karatasi kwanza, hata kama imeandikwa kwa herufi ndogo kama mchanga.

Vyombo vingine vina jicho la kupima rangi ya ngozi. Kikiwekwa juu ya ngozi nyeusi, hukataa kuwaka. Hapo mwenye nacho hudhani kimekufa. Hakikufa, kinamlinda. Mtu asikipeleke kwa fundi wa redio ili akifungue, wala asikidanganye kwa kukionyesha ngozi ya mtu mwingine. Na kuna upumbavu mkubwa zaidi: kujipaka mafuta ya kujichubua ili chombo kikubali. Mafuta mengine ya namna hiyo yana zebaki, sumu inayoharibu mafigo, na kwa mapatano ya mataifa yaitwayo ya Minamata mafuta yenye zebaki hayaruhusiwi kutengenezwa wala kuvushwa mipaka. Tena ngozi iliyochubuliwa imekwisha kujeruhiwa. Kuipiga leza ni kuchoma kidonda.

*Shamba la migomba*

Tukiweka kando rangi ya ngozi, lile neno la «haziti tena kuota» nalo lahitaji kupimwa. Tazameni shamba la migomba. Migomba yake haiko katika hali moja: mmoja unakua, mwingine umebeba mkungu, mwingine umekwisha kukatwa na chipukizi bado limo ardhini. Nywele ndivyo zilivyo. Mwali huupata vizuri unywele ulio katika kukua, maana huo ndio ulioungana na mzizi wake. Zile zilizopumzika hazisikii kitu, nazo baadaye huota. Kwa sababu hiyo wenye ngozi inayofaa hulazimika kurudia kazi kila majuma mawili au zaidi, kwa miezi kadhaa, na kisha tena mara kwa mara. Ile idara ya Marekani tuliyoitaja huwaruhusu wauzaji kunena habari za kupunguza nywele kwa muda mrefu. Haisemi kwamba zitakwisha zote. Na wako watu wachache ambao, badala ya nywele kupungua, zimezidi kuota mahali palipomulikwa.

Je, hakuna leza kwa ajili yetu? Iko, lakini si ya nyumbani. Waganga wa ngozi wanayo leza ya namna nyingine, ambayo mwali wake una urefu wa nanometa 1064, wakati ule wa vyombo vya nyumbani ni kama 810. Mwali huo mrefu hauipendi sana melanini, nao hupita ngozi nyeusi kwa usalama zaidi na kushuka mpaka mzizini. Wataka mkono uliofundishwa, chombo cha kupoza ngozi, na kujaribu kwanza mahali padogo. Kwa urembo mtupu huenda gharama yake ikawa kubwa mno. Lakini kwa wanaume wanaoteswa na vipele vya ndevu ni dawa ya kweli. Vipele vile hutokea kwa sababu unywele wetu umejikunja: ukinyolewa chini sana, ncha yake hugeuka na kuichoma ngozi kama mwiba. Asiyeweza kumfikia mganga wa ngozi, na aache wembe kwa majuma machache, kisha atumie mashini ya kukatia nywele inayoacha ndevu fupi za milimeta 1 hivi, bila kuivuta ngozi.

Tena liko jambo ambalo mama na binti wasilifiche. Mwanamke akiota ndevu nene kidevuni, au nywele kifuani, na siku zake za mwezi zikavurugika, huenda ni ugonjwa wa mayai ya uzazi unaowapata yapata mwanamke 1 kati ya 10. Ugonjwa huo waweza kumzuia kupata mimba, na hufuatana mara nyingi na kisukari. Mwanamke huyo hahitaji chombo cha kuficha dalili. Ahitaji kwenda hospitali akapimwe. Nywele kidogo za miguuni, kinyume chake, si ugonjwa wala si uchafu, nasi hatuoni kwa nini msichana wa shule azionee haya kwa sababu ya picha alizoona katika simu.

Hata kwa wale ambao ngozi yao yafaa, makatazo ni haya: wasimulike karibu na macho, hata nyusi, kwa maana mwali wa leza hiyo jicho haliuoni karibu kabisa nao waweza kulipofusha, wasimulike juu ya vidutu vyeusi vya mwilini wala chale zenye rangi, mwenye mimba na angoje, na anayekunywa dawa inayoifanya ngozi iogope jua amwulize mganga.

Na kama mtu amekwisha kuungua, apapoze mara moja kwa maji baridi yanayotiririka, kwa dakika 20, si barafu. Apafunike kwa kitambaa safi, na asipasue malengelenge. Pakiwa pakubwa, au ni usoni, aende zahanati siku ile ile. Asipake majivu, wala samli, wala dawa ya meno.