Buibui Wanaojifanya Sisimizi

Sisimizi si windo la kutamanika. Huuma, baadhi yao hurusha asidi, na anayemchokoza mmoja huenda akavamiwa na kundi zima. Ndiyo maana wawindaji wengi wanaotegemea macho, kama vunjajungu na buibui warukaji, humkwepa. Zaidi ya spishi 300 za buibui hujikinga kwa kufanana naye.

Kufanana huko si jambo dogo. Mwili wa sisimizi una sehemu tatu, miguu sita na vipapasio viwili. Wa buibui una sehemu mbili, miguu minane, na hauna kipapasio hata kimoja. Buibui warukaji wa jenasi ya Myrmarachne, wanaopatikana pia Afrika Mashariki, wamebonyea katikati ya sehemu ya mbele ya mwili, hivyo huonekana kama wana kichwa na kifua vilivyotengana. Kiuno chao ni chembamba. Miguu ya mbele huinuliwa na kuchezeshwa hewani mithili ya vipapasio. Mwendo nao ni wa sisimizi: hatua za haraka, kusita, kisha kugeuka huku na huko. Hata kuruka, ambako ndiko sifa ya ukoo wao, hukufanya kwa nadra, kwa kuwa kungewaumbua.

Dume ana taya ndefu mno zinazochomoza mbele, na kwa mtazamaji huwa kama sisimizi aliyebeba mzigo mdomoni. Hapo ndipo gharama ya uigaji inapoonekana. Wapo buibui wanaokula sisimizi, nao hupendelea kumshambulia aliyebeba kitu, kwa sababu hawezi kuuma kwa wepesi. Dume hukwepa adui mmoja na kumvuta mwingine.

Mfano wa kustaajabisha kuliko yote uko kando ya Ziwa Viktoria nchini Kenya. Myrmarachne melanotarsa, spishi iliyopewa jina mwaka 2002, huishi kwa makundi katika viota vilivyounganishwa kwa nyuzi, jambo lisilo la kawaida kwa warukaji. Huiga sisimizi wadogo wa jenasi ya Crematogaster, ambao nao hutembea kwa makundi, na kundi huwatisha maadui kuliko buibui mmoja peke yake. Tena sura hiyo hiyo ni silaha: buibui wengine wakiona kundi likija hukimbia na kuacha viota vyao, na M. melanotarsa hula mayai na watoto walioachwa.

Ulaghai huo wote unalenga jicho. Sisimizi wenyewe hutambuana zaidi kwa harufu, kwa hiyo umbo peke yake haliwahadai, na Myrmarachne hujitahidi wasigusane nao. Anayetaka kuingia kwao lazima anuke kama wao. Buibui Cosmophasis bitaeniata wa Australia hula viluwiluwi vya maji moto, wale sisimizi wanaoshona majani, na kutokana na mlo huo ngozi yake hupata harufu ya kundi.

Buibui wa jenasi ya Portia, anayepatikana Afrika, Asia na Australia, yeye hulenga mguso. Hupanda kwenye utando wa buibui mwingine na kuutikisa kana kwamba mdudu amenaswa. Mwenye utando asipoitikia, Portia hubadilisha mitikiso mpaka apate ule unaomvuta, kisha humrukia.

Huko Amerika, buibui jike wa jenasi ya Mastophora hasuki utando wa kunasia. Usiku huning'iniza uzi mmoja wenye tone la gundi, na kutoa harufu inayoiga ile ya nondo jike. Nondo dume hujileta wenyewe, na buibui huwarushia tone hilo. Mastophora hutchinsoni huvutia spishi moja ya nondo mapema usiku na nyingine usiku ukishakomaa, na kadiri saa zinavyosonga hupunguza harufu ya ile ya kwanza. Watoto wake, ambao bado hawana tone la kurusha, huvuta visubi wanaofanana na nondo na kuwakamata kwa miguu ya mbele.