Makaburi ya Katumba na gharama ya kuyatunza

Tanzania imeacha utunzaji wa makaburi mikononi mwa serikali za mitaa. Katika Manispaa ya Mpanda, halmashauri ndiyo inayosimamia maeneo ya maziko. Vijijini, kama Katumba katika Halmashauri ya Nsimbo, sehemu kubwa ya kazi huwaangukia wanakijiji wenyewe.

Katumba ilianza kama makazi ya wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Wengi waliofika wakiwa watu wazima wamezikwa hapo. Watoto na wajukuu wao walipopewa uraia, mpango wa awali uliwataka wahamie mikoa mingine, na kuhama kungekuwa pia kuyaacha makaburi ya wazazi. Ndiyo maana makaburi haya si jambo dogo.

Adui mkubwa ni majani. Mvua za Novemba hadi Aprili huyakuza hadi yafunike misalaba ya mbao, kisha kiangazi huyakausha na moto wa porini ukipita huiteketeza. Dawa yake haihitaji fedha nyingi: kufyeka mvua zinapokatika, na kulima ukanda mtupu kuzunguka eneo zima. Panga, fyekeo na jembe vinatosha, na nguvukazi hutoka kwa familia, makanisa na misikiti. Uzio wa minyaa huzuia ng'ombe bila kununua waya.

Kinachosahauliwa mara nyingi ni daftari la maziko. Tuta la udongo hudidimia baada ya misimu michache, na pasipo jina na namba ya safu, kaburi jipya huchimbwa juu ya la zamani. Kwa halmashauri yenye bajeti finyu, daftari lingestahili kutangulia hata saruji.